Kupanga fleti viungani mwa Nairobi na kuasili mbwa au paka: mwongozo kamili, kuanzia stejini hadi sebuleni

Watu wengi huanza na mnyama. Wanaona picha ya mbwa koko aliyeokotwa mtaroni, moyo unalainika, Jumamosi hiyo hiyo wanamleta nyumbani. Baada ya miezi mitatu wanamtafutia mtu wa kumchukua. Huruma wanayo tele, ila kazi iko mjini, nyumba iko Kitengela, na mbwa anashinda peke yake tangu alfajiri hadi usiku. Anabweka, anatafuna mlango, majirani wanalalamika, mwenye nyumba analeta notisi.

Nimeishi viungani miaka tisa, kwanza Rongai kisha Syokimau. Mitano kati ya hiyo nimeishi na Njugu, mbwa koko jike wa rangi ya njugu karanga, sikio moja limekatika ncha. Watoto wa ploti yetu hawajui jina langu, wananiita Mama Njugu. Kwa miaka hiyo nimefikia msimamo ambao sitauacha: safari yako ya kazini ndiyo inayoamua kama unaweza kufuga, na mnyama gani. Kila saa unayokaa kwenye msongamano wa magari, yeye anaikaa kwenye vigae akisikiliza mlango. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia barabarani, unapitia mkataba wa nyumba, kisha ndipo tufike kwa mbwa na paka wenyewe. Ukiufuata kinyume utaumia, na mnyama ataumia zaidi.

Hatua ya kwanza: pima safari kabla ya kupenda nyumba

Viunga vya Nairobi vimetapakaa katika kaunti tatu jirani. Upande wa Kiambu kuna Ruaka, Kikuyu, Limuru, Ruiru, Juja na Thika. Machakos kuna Syokimau, Mlolongo na Athi River. Kajiado kuna Ngong, Rongai, Kiserian na Kitengela. Ukihesabu kutoka katikati ya jiji, Ruaka ni kama kilomita 15, Kitengela kama 30, Thika zaidi ya 40.

Usidanganywe na kilomita. Rongai iko karibu kuliko Juja, lakini Juja inahudumiwa na Barabara Kuu ya Thika iliyopanuliwa na kufunguliwa 2012, ilhali wa Rongai hutegemea Barabara ya Magadi. Jioni ya mvua, mkaazi wa Juja huweza kufika kwake, akapika na akala, huku mwenzake wa Rongai bado anatazama taa za nyuma za lori pale Bomas.

Reli nayo ihesabu. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, na treni za abiria huenda pia Embakasi, Ruiru, Kikuyu na Limuru. Treni haijui msongamano, na hilo ndilo lililonileta Syokimau. Ila safari zake ni chache, za asubuhi na jioni. Ukiikosa ya jioni unarudi kwenye matatu kama wengine. Wenye gari wana barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika 2022. Ada ya barabara hiyo iweke kwenye hesabu ya kodi ya nyumba, maana utailipa kila siku ya kazi.

Sasa fanya hivi. Usiende kuangalia nyumba Jumapili saa nane mchana, wakati barabara zote ni nyeupe. Ifanye safari kamili mara tatu kabla hujalipa hata shilingi: Jumatatu asubuhi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi jioni, na siku moja ya mvua. Andika saa uliyofunga mlango wa nyumba na saa uliyoketi kazini, kisha kinyume chake jioni. Kusubiri stejini kuhesabu. Kutembea kutoka stejini hadi ploti kuhesabu.

Daftari langu la Rongai bado ninalo. Siku moja ya Aprili limeandikwa: nimetoka ofisini saa kumi na moja na dakika 20, nimefungua mlango saa mbili na dakika tano usiku. Saa mbili na dakika 45, na nilikuwa nimetoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri. Saa kumi na nne nje. Siku hizo nilikuwa nimeanza kutamani mbwa, na karatasi hiyo ndiyo iliyonizuia kwa mwaka mzima.

Mbwa mzima hafai kuachwa peke yake zaidi ya saa 8 hivi. Mtoto wa mbwa wa miezi 3 hawezi kubana mkojo zaidi ya saa 3 au 4. Paka mzima huvumilia siku ya kazi akiwa na maji, chakula na mchanga safi. Kwa hiyo, kama daftari lako linasema saa 10 na zaidi nje, uasili paka, au paka wawili waliozoeana. Ukishikilia kuwa lazima awe mbwa, tafuta kwanza mtu wa kuja kila adhuhuri kumtoa, umlipe kama unavyomlipa mtu wa kufua. Mtu huyo awepo kabla mbwa hajaja.

Hatua ya pili: utembee mji kwa miguu

Ukishachagua mji mmoja au miwili inayokubaliana na daftari, vaa viatu vizuri uende ukatembee. Mimi huipenda kazi hii. Unashuka matatu ya 111 Ngong mjini, unaona vilima vile juu yako na mitambo ya upepo ikizunguka, unajua hapa kuna baridi na kuna njia za kutembea. Unashuka Ruaka unakuta fleti zimebanana hadi roshani ya huyu inagusa nguo za yule, lakini Msitu wa Karura hauko mbali. Kila mji una tabia yake, na mnyama wako ataishi ndani ya tabia hiyo.

Tazama udongo. Kitengela, Syokimau na Athi River ni udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, mbwa anarudi na viatu vinne vya matope. Upande wa Kiambu udongo ni mwekundu, unapaka rangi kila kitu lakini unakauka upesi. Onja maji. Visima vingi vya ukanda wa Athi vina chumvi, na wapangaji hununua ya kunywa. Mnyama naye atakunywa hayo ya kununua. Uliza boza la maji huja mara ngapi kwa wiki.

Tafuta agroveti, yaani duka la dawa na vyakula vya mifugo, na daktari wa wanyama, ujue ni dakika ngapi kwa bodaboda. Angalia makundi ya mbwa wasio na mwenyewe, hasa karibu na majaa ya taka na vichinjio, kwa sababu hapo ndipo utakapopita ukiwa umeshika kamba. Uliza mlinzi yeyote kama ploti za hapo huwekewa sumu ya panya kwenye kona za ngazi. Swali hili watu hulisahau, na sumu hiyo imeua paka wengi kuliko magari katika mtaa wetu.

Pembezoni mwa Rongai, Tuala na Kitengela kuna jambo la ziada. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, haina ua upande wa kusini, na wanyama hutoka kwenda tambarare za Kitengela. Chui na fisi hula mbwa, simba pia wamewahi kufika kwenye makaazi ya watu. Huko usimlaze mbwa nje hata usiku mmoja.

Hatua ya tatu: mkataba

Sheria ya kudhibiti kodi nchini Kenya inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Fleti za viungani ziko juu mno ya hapo. Maana yake ni kwamba kinga yako kubwa ni karatasi mliyotia sahihi.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nyumba yangu ya kwanza Syokimau, nilimuuliza msimamizi wa ploti kuhusu mbwa. Akacheka, akasema, "Hakuna shida dada, hapa tuko huru." Wiki ya saba nikakuta notisi ya ajenti imebandikwa mlangoni: mnyama aondoke ndani ya siku 14 au niondoke naye. Msimamizi aliniepuka, hakuwa na la kusema. Niliondoka naye.

Nyumba ya pili niliomba sentensi hizi ziingizwe kwenye mkataba, na nakupa uzitumie kama zilivyo: "Mpangaji anaruhusiwa kufuga mbwa mmoja ndani ya nyumba, awe amechanjwa na kufungwa uzazi. Mbwa atafungwa kamba akiwa kwenye ngazi na uwanja wa pamoja. Uharibifu atakaofanya utakatwa kwenye amana ya mpangaji." Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, alisoma mara mbili akaniuliza, "Na akibweka usiku?" Nikamwambia, "Mama, nipe miezi mitatu, majirani wakilalamika kwa maandishi nitahama bila kesi." Akaliandika hilo pia kwa mkono wake. Ukikubali lawama mapema, mwenye nyumba hulegea.

Unapokagua nyumba yenyewe, kwa mbwa chagua ghorofa ya chini au ya kwanza. Stima ikipotea lifti inakufa, na mbwa mwenye kibofu kilichojaa hawezi kungoja. Kwa paka ghorofa yoyote inafaa, ila pima nafasi za vyuma vya roshani na dirisha: kichwa cha paka kikipita, mwili unafuata. Nunua wavu wa waya, umpe fundi aufunge kabla paka hajaletwa. Paka huanguka kwenye maghorofa na huvunjika taya na miguu. Si kweli kwamba kila mara hutua salama.

Hatua ya nne: kumpata mnyama

Kituo kikongwe zaidi ni cha KSPCA, chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama kilichoanza 1910. Kipo Karen, Barabara ya Langata. Wako pia watu na vikundi vidogo vinavyookoa paka na mbwa mitaani. Popote uendapo, nenda mara mbili au tatu, siku tofauti. Uliza mnyama alipatikana wapi, amechanjwa nini na lini, amefungwa uzazi au bado, anakaaje na watoto, anakaaje na wenzake, na kwa nini alirudishwa kama aliwahi kuchukuliwa. Omba kadi ya chanjo uione kwa macho yako. Wakitaka kuja kukagua kwako, furahi. Kituo kinachouliza maswali mengi ndicho kinachowapenda wanyama wake.

Usinunue watoto wa mbwa wanaouzwa kando ya barabara magari yakiwa yamesimama. Wengi wameachishwa ziwa mapema mno, na wengi wana parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa ndani ya siku chache. Kila unayemnunua kwa huruma, muuzaji anakwenda kuleta wengine.

Kwa anayefanya kazi mjini, nashauri mbwa mzima, wa miaka miwili na kuendelea. Watu hukimbilia watoto wa mbwa kwa sababu ya sura, ilhali mkubwa unaona tabia yake siku hiyo hiyo. Na mbwa koko ni wagumu wa mwili, wenye akili ya mtaani.

Siku niliyomkuta Njugu, walikuwa watano kwenye kizimba. Wanne waliruka kwenye waya wakilia. Yeye alikaa nyuma, mgongo umegusa ukuta, ananitazama kwa pembeni. Mhudumu aliniruhusu kuingia. Nikakaa chini kwenye saruji, nikamgeuzia bega, nikatazama kiatu changu. Sikumwita. Mbwa mwenye woga akitazamwa usoni huona anatishwa. Nilihisi joto kabla sijasikia chochote: pua yenye unyevu iligusa kiwiko changu, ikaondoka, ikarudi, kisha akalaza kidevu pale kwa uzito wake wote. Nilikaa hivyo hadi mguu ukafa ganzi.

Kama umemwokota mwenyewe mtaani, siku hiyo hiyo mpeleke kwa daktari wa wanyama aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo nchini, na mtenge na wanyama wengine kwa wiki mbili. Mbwa anayetoa mate kupita kiasi, anayeyumba, au mkali bila sababu usimshike kabisa. Ita watu wa kaunti.

Hatua ya tano: wiki nne za mwanzo

Hapa ndipo penye kazi. Chukua likizo, hata siku tano. Mlete Ijumaa jioni, usialike wageni wa kumtazama.

Mbwa mpeleke moja kwa moja kwenye kipande kile kile cha udongo kila baada ya saa mbili, tumia neno moja, na akimaliza msifu papo hapo. Sisi neno letu ni "haya." Akikojoa ndani usimpige wala usimsugue pua, atajifunza kukuficha tu. Panguza kwa maji na siki, kwa sababu harufu ikibaki atarudi pale pale.

Siku ya pili anza kumfundisha kuachwa, maana hili ndilo litakaloamua kama majirani watamkubali. Vaa viatu, shika funguo, toka nje, hesabu hadi thelathini, rudi bila kelele. Kisha dakika mbili, tano, kumi na tano, nusu saa, saa nzima. Ukisikia analia umeharakisha. Rudi nyuma hatua moja. Njugu ilimchukua siku tisa kufikia saa mbili. Siku ya kwanza ya kazi nilimwachia mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe na redio kwa sauti ya chini. Mfupa uliopikwa usimpe, unavunjika ncha kali na kuchoma utumbo.

Paka anahitaji kinyume chake: chumba kimoja kidogo kwa wiki nzima, chenye beseni la mchanga upande mmoja na chakula upande wa pili. Atajificha chini ya kitanda. Mwache. Keti sakafuni usome, atakuja mwenyewe. Wala asitoke nje wiki nne za kwanza.

Halafu kuna watu. Mpeleke kwa mlinzi wa lango, amjue kwa jina. Watoto waonyeshe namna ya kumgusa kifuani badala ya kichwani. Wengi wetu tumelelewa kuogopa mbwa, na woga huo una sababu, kwa hiyo usimwambie mtu "haumi" huku kamba ni ndefu. Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mwislamu. Mate ya mbwa yakimgusa, itambidi ajitwaharishe kabla ya kuswali. Nilipojua hilo nikaanza kumpitisha Njugu upande wa ukutani, kamba fupi, na kusimama akipita. Mwaka jana nilipougua, yeye ndiye aliyegonga mlango kuuliza kama mbwa amekula.

Kuhusu chakula: ugali na omena au supu ya mifupa, bila mifupa yenyewe, si vibaya kwa mbwa, ukichanganya na mboga, lakini visiwe na kitunguu wala chumvi nyingi. Kitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwao. Paka lazima ale nyama au samaki. Ugali na maziwa pekee humdhoofisha.

Hatua ya sita: afya, kwa ufupi lakini kwa uzito

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote kutokana na mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo kufikia 2030, na njia ni chanjo ya kila mwaka kwa kila mbwa na paka kuanzia umri wa miezi 3. Baadhi ya kaunti huchanja bure karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya ugonjwa huo duniani. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitalini mara moja, hata kama ni mkwaruzo.

Kupe ni adui wa pili. Kila jioni pitisha vidole masikioni, shingoni, kati ya vidole vya miguu. Mbwa aliyekataa kula, ufizi umepauka, mkojo mwekundu, asingoje kesho. Dawa ya kupe ya mbwa usimpake paka kamwe: permethrini iliyomo katika nyingi ya dawa hizo humuua. Parasetamoli nayo humuua paka, hata kidonge kimoja.

Kila mwezi weka pembeni kiasi kidogo kwenye M-Pesa kwa jina la mnyama, usikiguse. Daktari wa usiku hangojei mshahara.

Ukishatulia

Jumamosi zitumie kuvinjari. Karura wanaruhusu mbwa aliyefungwa kamba, na kuna lango Barabara ya Limuru na lingine Barabara ya Kiambu. Fika mapema kabla ya waendesha baiskeli, beba maji na mifuko ya kuzolea kinyesi. Kwenye matatu makanga wengi hukataa mbwa, wengine hukubali ukilipia kiti na kukaa nyuma kabisa. Ongea na makanga kabla hujapanda. Paka asafiri ndani ya kikapu chenye kifuniko, kilichofunikwa kanga ili asione magari.

Na siku ya kuhama ikifika, kwa kuwa wapangaji huhama, anza tena na daftari la safari. Vitu vitangulie, mnyama aje wa mwisho, chumba kimoja kikiwa tayari kimepangwa. Blanketi lake usilifue wiki hiyo. Lilaze kwenye kona ya nyumba mpya likiwa na harufu yake na ya nyumba ya zamani, kisha umfungue kamba.